Nimeongozwa sala ya toba, nikaambiwa Yesu ameingia moyoni. Mbona sioni tofauti?

Njia Nyembamba (mleta mada)
Wakuu habari zenu.

Niende moja kwa moja kwenye hoja. Nimekulia familia ya Kikristo ya kawaida, wale wa Krismasi, Pasaka na misiba. Mwaka jana nilikuwa kwenye mkutano wa injili, wito ukatolewa, nikasimama. Nikaongozwa sala ya toba sentensi kwa sentensi, nikawekewa mikono, nikajaza kadi: jina, namba ya simu, alama ya vema kwenye kisanduku cha "nimeokoka leo". Mhudumu akaniambia niandike tarehe ile ndani ya jalada la Biblia yangu, ili siku shetani akinitia shaka nimwoneshe. Nikaandika.

Tangu hapo nasoma Neno, naomba, na kwenye kikundi cha nyumbani sikosi. Ila wenzangu kikundini ni "Bwana aliniambia leo asubuhi", "nikamuuliza Yesu akanijibu". Mimi naomba, nanyamaza nisikilize, nasikia feni. Nainuka naenda kazini.

Huu uhusiano binafsi na Mungu unaanzaje hasa? Kuna hatua nimeiruka, au wenzangu wanatia chumvi? Wale wa "dini zote biashara" naomba mpite kimya kimya.

Kapteni Mstaafu
Uzi mtamu huu. Navuta kiti.

Dada Lidia
Ndugu yangu, hujaruka kitu. Ufunuo 3:20: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha, mtu akiisikia sauti yangu, na kuufungua mlango, nitaingia kwake." Hajasema mtu akitetemeka, wala mtu akilia. Kasema akifungua, nitaingia. Wewe umefungua, basi ameingia, mshike kwa neno lake. Na mlango ule hauna kitasa upande wa nje, Bwana haingii kwa kuvunja. Ulifungua mwenyewe kutoka ndani. Hilo tu ni muujiza.

Msomaji wa Pembeni
Dada Lidia, mambo mawili kwa heshima zote.

Kitasa si cha Yohana, ni cha mchoraji. Mwingereza William Holman Hunt alimchora Yesu usiku ameshika taa, anabisha kwenye mlango uliosongwa na magugu. Hiyo ni miaka ya 1850. Picha iko Keble College, Oxford, na nyingine kubwa zaidi aliyoichora baadaye iko Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Yeye ndiye aliyeacha mlango bila kitasa kwa makusudi. Wahubiri wamekihubiri kitasa hicho mpaka watu wanakitafuta kwenye Biblia.

La pili, aya hiyo ni barua kwa kanisa la Laodikia, watu waliokwisha amini, wakawa vuguvugu. Bwana yuko nje ya kanisa lake mwenyewe. Kuigeuza iwe maelekezo ya namna mpagani anavyompokea Yesu ni kuivuta.

Dada Lidia
Kitasa nakuachia wewe na mchoraji wako. Ila aya inasema "mtu", haisemi "kanisa". Na Yohana 1:12, "Bali wote waliompokea aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu", nayo iliandikiwa Laodikia?

Mjomba Sila
Hahaha, mechi imeanza mapema.

Katekista Mkongwe
Mleta mada, ulibatizwa utotoni?

Njia Nyembamba
Ndiyo mzee, nikiwa mchanga. Kipaimara pia nimepata.

Katekista Mkongwe
Basi swali lako la "unaanzaje" limejibiwa zamani, kwenye daftari la ubatizo. Mungu alianza nawe kabla hujajua kusema. Kilichotokea kwenye mkutano ni wewe kuitikia, nacho ni chema, sikibezi. Ila usidhani siku ile ndiyo Mungu alikusikia kwa mara ya kwanza.

Kuna watu wanadhani uhusiano binafsi ni mali ya makanisa ya wokovu peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, namba 2558, inasema waamini waiishi imani katika uhusiano hai na wa binafsi na Mungu aliye hai na wa kweli. Sentensi inayofuata inasema uhusiano huo ndio sala. Papa Benedikto XVI naye alifungua waraka wake wa kwanza, 2005, kwa kusema Ukristo hauanzi na uamuzi wa kimaadili wala wazo kubwa, unaanza na kukutana na nafsi. Sasa nani kamwambia nani?

Mwana wa Mbao
Mzee shikamoo, ila mtoto mchanga anatubu dhambi gani? Matendo 2:38, "Tubuni mkabatizwe". Toba imetangulia. Mleta mada hajabatizwa, amenyunyiziwa. Tatizo lako liko hapo, ndugu. Nenda kwenye maji mengi uone.

Katekista Mkongwe
Marahaba. Endelea na aya ya 39, "ahadi hii ni kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu".

Mjomba Sila
Ubatizo uanzishiwe uzi wake jamani. Kila mada ya dini humu ikifika ukurasa wa pili inaingia majini.

Kinanda Kimya
Sichangii sana lakini hapa ngoja niseme.

Nimepiga kinanda kanisani kwa miaka mingi. Wakati wa wito kuna kazi inafanyika ambayo aliyekaa kwenye kiti haioni. Mhubiri akianza kushusha sauti, nashusha na mimi. Ngoma zinatoka. Nabaki na kodi mbili tatu (noti zinazopigwa kwa pamoja) zinazozunguka bila kutua, kwa sababu zikitua watu wanahisi wimbo umeisha, wanaanza kutafuta mikoba yao. Kiongozi wa sifa anarudia mstari mmoja, kila mara polepole zaidi. Kisha mhubiri anaweka mkono nyuma ya mgongo, anachezesha vidole, na mimi napandisha nusu toni, wimbo mzima unapanda juu kidogo. Hapo ndipo mikono inainuka. Nilifika mahali naweza kukisia ni upande gani wa ukumbi utaanza.

Simaanishi Mungu hayupo pale. Mimi mwenyewe niliokoka kwenye ibada ya namna hiyo, na naamini mpaka leo. Ninachomwambia mleta mada ni kwamba mwenzako aliyelia akaanguka, na wewe uliyesimama mkavu, msipimane. Huenda hukumkosa Mungu, ulikosa nusu toni.

Mjomba Sila
"Ulikosa nusu toni." Hii naiiba.

Mtumishi Barnaba
Mpendwa Kinanda, umesema kweli yako na siipingi. Lakini soma 2 Wafalme 3:15. Nabii Elisha ametakiwa aulize kwa Bwana, akasema aletewe mpiga kinanda. Mpiga kinanda alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia. Chombo hakimfanyi Mungu kuwa wa bandia. Mwanadamu ana mwili na masikio, na Mungu ndiye aliyeyaumba.

Mimi ni mchungaji, nimeongoza wengi sala ile. Warumi 10:9 inataka kinywa kikiri na moyo uamini. Kinywa naweza kukiongoza. Moyo siuoni. Hapo ndipo kazi yangu inapoishia, na wachungaji wenzangu wanaotangaza idadi ya waliookoka kabla watu hawajafika nyumbani wanajua ninachosema.

Msomaji wa Pembeni
Mtumishi, nashukuru kwa hilo la moyo. Niongeze historia, maana watu wanadhani wito wa kwenda mbele ulikuwapo tangu Pentekoste. Jonathan Edwards na George Whitefield walihubiri katika uamsho mkubwa wa miaka ya 1740 bila kuita watu mbele. Mtu aliondoka na mzigo wake, akahangaika nao siku na wiki. Baadaye Wamethodisti wa Marekani wakaanza kuwaita watu madhabahuni kwenye mikutano yao ya kambi, na Charles Finney miaka ya 1830 akaupa utaratibu umaarufu kwa benchi maalumu la mbele, la wenye kuhangaikia roho zao. Sala fupi ya kurudia maneno, pamoja na kadi, ni mambo yaliyoenea karne ya 20, kwenye mikutano mikubwa ya akina Billy Graham.

Siyo kwamba ni vibaya. Ila mtu asiambiwe hajaokoka kwa sababu hakupitia utaratibu ambao mtume Paulo mwenyewe hakuupitia.

Mwana wa Mbao
Paulo alianguka chini akapofuka siku tatu. Huo nao ni utaratibu?

Loisi
Mwana wa Mbao, na Timotheo je?

Nauliza kwa sababu mimi ni wa kundi hilo. Sina tarehe. Sikumbuki siku ambayo sikumpenda Yesu. Bibi yangu aliomba kwa sauti kabla hajafungua mlango asubuhi, mama naye hivyo hivyo, na mimi nikajikuta ndani. Kwenye kanisa nililokuwa nasali zamani waliniambia nitoe ushuhuda, nikatoa. Kiongozi akasema haujakamilika: "Kabla ya kuokoka ulikuwa nani?" Nikamjibu nilikuwa mwanafunzi wa darasa la tatu.

Hakucheka.

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5), na kwamba tangu utoto ameyajua Maandiko. Hajamwomba tarehe.

Dada Lidia
Dada Loisi, wewe una neema. Lakini wengine tulitolewa shimoni, na siku ya kutolewa huwezi kuisahau. Usitunyang'anye tarehe zetu.

Loisi
Sikunyang'anyi mpendwa, kaa nayo. Nakataa tu kukopeshwa.

Geneva ya Kale
Kinachonishangaza ni kwamba mnabishana nani alifungua mlango, na dada yetu amejiita Lidia. Matendo 16:14: mwuza rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira, "ambaye moyo wake Bwana aliufungua". Nani aliufungua? Bwana. Na Yohana 6:44, hakuna awezaye kuja asipovutwa na Baba. Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kikalvini kule Uholanzi, 1618 hadi 1619, ilishalijibu hili. Mleta mada, kule kuhangaika kwako kunatosha kuonesha umevutwa. Maiti haulizi mbona hahisi kitu.

Dada Lidia
Jina langu nalifahamu, asante. Alimfungua, naye akatii. Kutii ni kwake.

Msomaji wa Pembeni
Geneva, Dort ilijibu upande mmoja. Wafuasi wa Arminio, mwanateolojia wa Kiholanzi, walikuwa wametoa hoja zao 1610 kwamba neema inaweza kukataliwa, na nusu ya Waprotestanti waliopo humu wanaamini hivyo bila kujua jina la Arminio.

Ila sura hiyo ya 16 ina jambo zuri zaidi ya mabishano hayo. Ina watu wawili, mji mmoja, Filipi. Lidia anasikiliza kando ya mto, moyo unafunguliwa, habari imekwisha. Hakuna aliyelia. Askari wa gereza yeye ni usiku wa manane, tetemeko la nchi, milango imefunguka, upanga mkononi anataka kujiua, anaingia anatetemeka: "Yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Luka kawaweka sura moja, na hakuna mahali anaposema wa askari ulikuwa wokovu wa kweli kuliko wa mama.

Mtumishi Barnaba
Amina. Lakini tusiende upande wa pili tukasema kuhisi si kitu. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikuwa kasisi tayari, ameshakwenda hadi Georgia kuwahubiria Wahindi Wekundu na kurudi amevunjika moyo. Tarehe 24 Mei 1738, barabara ya Aldersgate, London, kwenye kikao kidogo, mtu anasoma dibaji ya Luther kwa Waraka kwa Warumi. Kama saa tatu kasorobo usiku, akaandika, moyo wake ukapata joto la ajabu, akajua Kristo ameziondoa dhambi zake, zake yeye. Hiyo ndiyo Warumi 8:16, Roho mwenyewe akishuhudia pamoja na roho zetu. Nisingependa kijana huyu akubali kuishi maisha yake yote bila ushuhuda huo.

Msomaji wa Pembeni
Mtumishi, ukimtaja Wesley wa Mei 1738 umtaje na wa Januari 1739. Miezi saba na ushee baada ya joto lile, shajara yake ya tarehe 4 Januari inasema yeye si Mkristo hata sasa, kwa kuwa hana upendo, amani na furaha ambavyo Mkristo anatakiwa kuwa navyo. Ni yule yule. Joto lilikuja, likaacha maswali.

Mtumishi Barnaba
Naye hakuacha kuhubiri, kwa zaidi ya miaka hamsini.

Tomaso
Mleta mada alisema wa biashara wapite, mimi si wa biashara, ni asiyeamini tu. Sitatukana.

Kuna mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Tanya Luhrmann, aliyekaa miaka na waumini wa makanisa ya Vineyard kule Chicago na California, akaenda nao ibadani na kwenye vikundi vya maombi. Alichokiona ni kwamba kusikia Mungu akiongea ni jambo watu wanajifunza. Wanafundishwa kuchuja mawazo yanayopita kichwani: hili langu, hili la Mungu. Wanafanya mazoezi. Na wapo wenye kipaji, wale ambao wakisoma hadithi wanazama ndani mpaka humsikii ukimwita. Hao ndio walioripoti kusikia zaidi. Wengine waliomba kwa bidii ile ile wakaambulia kidogo.

Kwa hiyo, Njia Nyembamba, si dhambi yako wala ubatizo wako. Huna hiyo hulka. Mimi pia sina, ndiyo maana niliacha kujitesa.

Dada Lidia
Tomaso, Biblia ilishakutangulia. 1 Samweli 3. Mtoto analala hekaluni, anaitwa na Mungu mwenyewe, na anakimbilia kwa Eli mara tatu, maana sauti haijui. Ikabidi Eli amfundishe la kusema: "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Kufundishwa kusikia hakumaanishi hakuna anayeita.

Tomaso
Hakumaanishi yupo, pia. Ila hoja nzuri, nimeipokea.

Kinanda Kimya
Mimi hili la hulka limenigusa. Mke wangu ni wa kuzama. Mimi ni wa kuhesabu midundo. Tunasali pamoja, yeye anatoka na maono na mimi natoka na orodha ya watu wa kuwapigia simu. Tulishagombana kwa hilo.

Kapteni Mstaafu
Kwa kuwa Kinanda ametaja mke, na mimi nichangie. Siku ya harusi yangu nilichohisi ni viatu vinabana. Kasisi anaongea, mimi nawaza viatu. Leo ukiniuliza nilijuaje nimeoa, nitakwambia cheti kipo na mwenyewe yupo chumba cha pili. Mapenzi yalikuja baadaye na yalikuja vibaya vibaya, siku nyingine yalikuja baada ya ugomvi. Mleta mada ulishaapa, kaa ndani ya kiapo, punguza kujipima joto.

Tomaso
Kapteni, tofauti ni kwamba mkeo ukimsemesha anajibu.

Kapteni Mstaafu
Kijana hujaoa wewe.

Mjomba Sila
Nimecheka mpaka nimepaliwa.

Usiku wa Tatu
Nimesoma tangu juzi bila kuandika. Naandika kwa kuwa naona wote mnaongelea kuhisi na kutohisi, na kwangu haikuwa hivyo.

Nililelewa na baba aliyekuwa akitupiga. Sitaeleza zaidi. Nilipompokea Kristo nilielewa kila kitu, Yesu, msalaba, msamaha, nilipenda. Lakini kila nikifungua kinywa niseme "Baba yetu" koo linakaza. Kweli kabisa, linakaza, kama mtu kanishika. Watu wanafundisha "Mungu ni Baba, mkimbilie" na mimi mwili wangu unataka kukimbilia upande mwingine. Mchungaji wangu wa wakati ule aliniambia nimsamehe kwanza mzazi, halafu ndipo nirudi kwa Mungu. Nikakaa nje muda mrefu.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mtu mzima pale kanisani, hana cheo. Aliniambia niache kusali sala za shukrani ambazo sina. Akanifungulia Zaburi ya 13, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?", akaniambia niisome kwa sauti, tukiwa wawili. Halafu ya 88. Hiyo ya 88 haina "lakini" mwishoni. Zaburi nyingine za kulia zinageuka, hii inaishia gizani. Nikafikiri, kama Mungu ameruhusu maneno haya yakae kwenye kitabu chake na hakuyafuta, basi naweza kuongea naye.

Nilianza uhusiano wangu na Mungu kwa malalamiko. Mpaka leo namwita Bwana. Lile jingine bado.

Loisi
Pole sana dada. Asante kwa kuandika.

Mtumishi Barnaba
Pole mwanangu. Aliyekuambia vile alikuumiza mara ya pili. Bwana anatosha, baki nalo.

Katekista Mkongwe
Pole binti yangu. Yule mama ana busara kuliko sisi wote humu.

Kwa kuwa tumefika kwenye giza, na mleta mada anasema hasikii kitu, nimkumbushe Mama Teresa wa Calcutta. Barua zake zilizochapishwa 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zinaonesha alikaa karibu miaka hamsini, kwa sehemu kubwa, bila kuhisi uwepo wa Mungu kabisa. Anaamka, anasali, anaosha wanaokufa, ndani hakuna jibu. Yohana wa Msalaba, aliyeishi 1542 hadi 1591, aliita hali ya namna hii usiku wa giza, na akasema ni njia, si kupotea.

Mwana wa Mbao
Au tuseme hakuwahi kuokoka. Samahani lakini lazima mtu aulize. Miaka hamsini bila Roho kushuhudia?

Kinanda Kimya
Acha hizo bwana.

Geneva ya Kale
Swali lake ni halali hata kama kalisema vibaya. 2 Wakorintho 13:5, "Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani". Ila anasema mjijaribu wenyewe. Mama Teresa hayumo kwenye orodha yako ya kujaribu.

Tomaso
Mimi nasoma barua hizo naona mwanamke aliyejua ukweli akaogopa kuusema. Kila mtu anaona chake.

Katekista Mkongwe
Ungeogopa kusema kwa nani, ndugu Tomaso? Aliwaandikia waungamishi wake wazi kabisa. Aliomba ziharibiwe, hawakuziharibu.

Njia Nyembamba
Wakuu nimerudi, kazi zilinibana. Nimesoma yote, nashukuru, hata Tomaso.

Niongeze jambo ambalo sikuliandika mwanzo kwa sababu sikuliona la kiroho. Miezi ya karibuni kazini nililetewa ripoti nisaini, ina namba zilizoongezwa. Mwaka juzi ningesaini bila kuisoma. Safari hii nilishika kalamu nikashindwa. Sikusikia sauti, sikukumbuka aya. Nilijua tu kwamba sisaini, nikairudisha, na bosi hadi leo salamu zake ni za kukunja uso. Hilo linahesabika, au ni utu uzima tu?

Mtumishi Barnaba
Mwanangu, mbona hukuanza na hilo! 1 Yohana 2:3, "Na katika hili twajua ya kuwa tumemjua yeye, ikiwa tunashika amri zake." Yohana angeweza kusema katika hili twajua, kwamba tulisikia joto. Hakusema.

Tomaso
Na mimi sisaini ripoti za uongo, na sina Mungu. Mnaniwekaje?

Dada Lidia
Tunakuwekea kiti.

Msomaji wa Pembeni
Tomaso ana hoja, na hoja yake imo ndani ya Biblia. Mathayo 7, wako watakaofika na matendo mikononi, unabii, kutoa pepo, miujiza, wataambiwa "Sikuwajua ninyi kamwe". Hisia si hati, sawa. Matendo nayo yanaweza kudanganya. Tarehe kwenye jalada ndiyo kabisa. Sasa tumebaki na nini?

Geneva ya Kale
Ahadi.

Katekista Mkongwe
Sakramenti.

Mwana wa Mbao
Roho Mtakatifu.

Kapteni Mstaafu
Subira.

Mjomba Sila
Mnanadi sasa.

Jirani wa Zamani
Wakuu naomba niingize langu. Mama yangu ni mgonjwa wa kusahau. Alikuwa mwombaji kweli kweli. Sasa hanijui jina, ananiita dada yake. Ukimuuliza Yesu ni nani, anatabasamu tu kwa adabu. Ukianza Baba Yetu, anaidaka katikati na kuimaliza bila kukosea. Uhusiano wake na Mungu uko wapi sasa, ikiwa uhusiano ni kujua na kuitikia? Nauliza kwa kuwa kuna mtumishi amekuja nyumbani akasema aongozwe sala tena "kwa usalama".

Loisi
Msimruhusu.

Mtumishi Barnaba
Huyo mtumishi mrudishe kwa upole. Wagalatia 4:9, Paulo anaanza "mkiisha kumjua Mungu", halafu ni kama anajirekebisha palepale, "au zaidi mkijulikana na Mungu". Mama anajulikana.

Geneva ya Kale
Ndicho nilichokuwa nasema tangu ukurasa wa kwanza.

Dada Lidia
Hukusema hivyo, ulisema Dort.

Tomaso
Kuna maelezo rahisi pia: maneno yaliyokaririwa utotoni hukaa muda mrefu kuliko majina. Lakini hapa sitabishana. Msalimie mama.

Jirani wa Zamani
Zimefika. Ahsanteni.

Njia Nyembamba
Wakuu, kabla sijasahau: Alhamisi kikundini zamu ya ushuhuda ni yangu. Dakika tano. Niseme nini?

Dada Lidia
Sema ulivyosimama wakati wa wito. Usiwatie shaka walio wachanga.

Loisi
Sema ya ripoti, ukae chini. Zitabaki dakika tatu, watu wapumzike.

Usiku wa Tatu
Uwaulize wao wanamsikiaje. Pengine kuna mwingine anayejifanya.

Mwana wa Mbao
Na awaambie ukweli kwamba hajabatizwa.

Katekista Mkongwe
Amebatizwa.

Mwana wa Mbao
Amenyunyiziwa.

Katekista Mkongwe
Ezekieli 36:25, "Nami nitawanyunyizia maji safi, nanyi mtakuwa safi". Fungua uzi, nakufuata huko huko.

Mjomba Sila
Mkifungua mnitag.